Bobini ya Kumi na Mbili

Papa,

Nimeionyesha bobini ya kumi na mbili, ile ya mwisho ya sinema yako. Yote, mpaka mkanda ukachomoka ukawa unapigapiga hewani. Najua ulinikataza. Najua pia nilikuapia, kiganja chako cha moto kikiwa ndani ya changu, kwamba Mama hatalisikia neno lile kutoka kinywani mwangu. Basi amelisikia, limetoka kinywani mwangu, na watu wote wa Jumapili walikuwepo. Kasirika ukitaka. Lakini nisikilize kwanza, halafu utakasirika vizuri.

Nakuandikia kwa Kiswahili chako kile cha vitabu vya mapadri, si hiki chetu cha soko la Bugarama, kwa sababu ulikuwa ukisema barua ni nguo ya misa, haivaliwi na matope. Nikiteleza unisamehe, siku hizi sina wa kunisahihisha. Na nitaanza mwanzo, hata kwa mambo unayoyajua kunishinda. Si wewe uliyenifundisha? "Sema tena, Riziki, kuko muntu njo anaingia sasa." Kila Jumapili, tukionyesha sinema, ulinong'ona hivyo, hata kama mlango umefungwa na kila mtu ameshakaa.

Tangu tukulaze kule Gikundamvura, kwenye mteremko unaoangalia mashamba ya mpunga, umepita msimu mmoja wa mvua. Muhogo umeota karibu na kichwa chako na mjomba anakataa kuung'oa, anasema unakupa kivuli. Mimi bado niko kwenye mashine ya kukoboa mpunga, narudi nyumbani na pumba mpaka ndani ya masikio. Wiki nzima baada ya mazishi nilikuwa nasikia kikohozi chako kila nikiamka. Kisha asubuhi moja sikukisikia, na asubuhi hiyo ndiyo nililia. Pale sokoni wamefungua nyumba nyingine ya video, picha za makofi na mateke, vijana wote wamehamia huko. Sinema yetu imebaki na wale wale: akina mama wanaotoka misa, wazee wanaotoka msikitini, na Mzee Hamisi kwenye benchi la nyuma, ambaye analima mpunga wiki nzima ili Jumapili aje kubishana na picha.

Mashini yako ipo. Naifuta vumbi la kiwanda cha simenti kila Jumamosi kwa kitambaa kile kile.

Nakumbuka tulivyovuka nayo daraja la Rusizi, tukirudi katika nchi ambayo mimi nilikuwa naijua kwa hadithi tu. Vita vya Rwanda ndiyo kwanza vimekwisha. Wenzetu wanavusha magodoro, mbuzi, sufuria. Wewe umebeba mashini ya sinema ndani ya blanketi, na kaka yangu Deo amebeba kichwani sanduku la bobini kumi na moja. Mama alikutukana njia nzima. Ulikuwa mfagizi wa klabu ya wazungu wa mashamba ya kwinini, kule Bukavu, ukajifunza kuiendesha kwa kuchungulia, na walipokimbia walikuachia. Nani anarudi kwao na picha za Wamarekani badala ya godoro? Wewe, Papa. Tulilala chini kwenye mikeka mwaka mzima, na mashini ikalala juu ya meza. Majirani hatukuwauliza walitoka wapi wala nani amewapungukia, na wao hawakutuuliza.

Na hizo picha, jamani, hazikuwa hata filamu. Zilikuwa vipande. Moja haina mwanzo, nyingine haina mwisho, nyingine inakatika mtu akiwa ameinua bunduki na humjui aliyemwinulia. Ungezionyesha hivyo hivyo watu wangekutupia maganda ya ndizi. Ndiyo maana ulitafuta kitu cha kuziunganisha, ukampata yeye.

Deo ndiye aliyempa jina. "Papa, angalia, iko ule wa pembeni tena." Na kweli, katika kila bobini alikuwepo, mzungu mmoja mwembamba mwenye sikio la kushoto lililokunjamana na jicho moja linalolegea, amesimama pembeni ya picha, mara nyingine nusu ya mwili imekatwa. Hakuwa mwenye farasi mweupe, wala mwenye kumbusu bibi mwishoni. Katika bobini moja anashika hatamu za farasi wa watu waliokwenda kunywa. Katika nyingine anafuta bilauri nyuma ya kaunta wenzake wakipigana. Amekuwa mkata tiketi wa treni, karani wa jaji, daktari mlevi, mwoga anayewaonyesha majambazi njia kisha majambazi wale wale wanampiga risasi. Wewe ukapanga bobini zote kwa nywele zake. Penye nywele nyingi mbele, penye upara nyuma, penye mvi mwisho kabisa. Ukapata maisha ya mtu kutoka ujana mpaka uzee, ukayasimulia kwa kipaza sauti, Kiswahili, Kinyarwanda, na Kilingala kidogo kwenye mambo ya mapenzi. Kazi yake nzima ya miaka arobaini ilikuwa ndani ya lile sanduku, na sidhani kwao kuna mtu aliyemfuatilia namna ile.

Jina lake la kweli hatukulijua. Bobini ya saba ina orodha ya majina mwishoni, ukamwomba padri aliyekuwa anapita aisome. Akasoma majina karibu arobaini, akasema lazima limo humo, ila haiwezekani kujua ni lipi. Ukanifanya niyanakili yote kwenye daftari. Nikakuuliza ya nini. Ukasema, ili angalau lisipotee. Daftari lile ninalo.

Kwa watu wetu hakuwa mwigizaji. Hilo nilikuwa nacheka zamani, sasa sicheki tena. Kwao alikuwa mtu, na yale yalikuwa mambo yaliyompata. Akipigwa risasi kwenye bobini ya tano, halafu kwenye ya sita yuko kwenye matope amevaa sare ya askari, Mzee Hamisi anapiga kelele kutoka nyuma: "Ile muzungu anakufaka kila siku na anarudiaka! Iko na roho ya paka?" Na wewe, bila kutikisika, kwenye kipaza sauti: "Alipona, Mzee. Risasi ilipita kwenye mafuta." Mafuta yako wapi kwenye mifupa ile! Watu walikuwa wanacheka mpaka mabenchi yanalia. Mwaka ule tulikuwa hatujui kicheko kingine, Papa. Naomba ujue kwamba nakumbuka hilo pia, kabla sijafika kwenye mengine.

Vita vya pili vya Kongo vilipoanza, Deo alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ile ulikuwa unaunga mkanda kwa gundi, mimi nakushikia ncha. Aliingia na vumbi la uwanjani, akaegemea mlango. Akasema vijana wengi wanakwenda, na yeye anataka kwenda. "Miye sitaki kuwa Wa Pembeni, Papa. Kukoboa mupunga mpaka nizeeke?" Wewe ukacheka. Macho yako hayakutoka kwenye gundi. Ukamwambia, "Basi nenda katikati."

Ulikuwa unatania. Mimi najua ulikuwa unatania, nilikuwa pale, niliuona uso wako. Siku ya tatu akapanda lori na wenzake.

Aliacha viatu vyake vya kuchezea mpira, godiyo zile nyeusi za ngozi ulizomnunulia, kwa sababu aliambiwa huko atapewa buti. Mama akazichukua. Kila mwezi akazipaka mawese kwa kidole, taratibu, kwenye kila mshono, ili ngozi isipasuke kwa joto letu hili. "Akirudi atakuta ziko tayari," anasema. Nyumba yetu ikawa inanuka mawese na siki, mawese ya godiyo za Deo na siki ya mikanda yako inayooza.

Mwaka wa pili ukasikia kwamba mtu mmoja Bukavu ana bobini ambayo yule mzungu yumo, tena mzee kupita alivyo katika zetu. Ukaenda na gunia la mchele, ukarudi na bobini ya kumi na mbili ndani ya kapu la samaki. Mama akasema umerogwa. Wewe ukasema, "Nataka kujua aliishaje." Nikaivisha mkanda kwenye mashini, nikataka kukaa nitazame, ukanituma sabuni. Duka lilikuwa mbali, ulijua. Niliporudi ulikuwa umekaa mbele ya shuka jeupe la kuonyeshea, mashini imezimwa, macho mekundu. "Vumbi," ukasema.

Na mwezi ule ule akaja kijana wa Nzahaha, Bosco, mguu mmoja na gongo la mti. Akauliza mwenye sinema. Nikadhani anataka kuingia bure, nikamwambia kwa ukali aje Jumapili kama wengine. Mungu anisamehe kwa ukali ule. Mkaenda nyuma ya jumba la sinema, pale tunapoanika mpunga, na kupitia mlangoni nikakuona unakaa chini, polepole, juu ya mpunga wa watu. Nilipokimbia kukuinua ukasema ni jua. Nikaamini, maana jua la Bugarama limeshaangusha wengi.

Kuanzia Jumapili iliyofuata sauti yako ilibadilika. Wa Pembeni akipigwa risasi, hukutania tena. Ulisema, "Amelala tu. Mutamuona." Mzee Hamisi akachokoza kama kawaida yake. Ulirudia tu, "Amelala tu," na unaniashiria nibadilishe bobini upesi, tumwone yuko hai. Na ile ya kumi na mbili, ambayo amekuwa mzee wa kufungua milango katika nyumba ya matajiri, kila mara ilifika pale anaposhuka ngazi na taa mkononi, na wewe unazima. "Petroli imeisha!" Papa, anayejaza petroli kwenye jenereta ni mimi! Nilijua tangi limejaa. Nikafikiri labda mkanda umeoza mbele na unaona aibu kusema.

Mama alikuwa anakaa benchi la mbele, kulia. Alikuwa anaondoka na uso uliolegea, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Si yeye peke yake. Nani pale hakuwa na mtu ng'ambo ya mto? Mume aliyeingia msitu wa Kongo, binti aliyepotea kambini, mtoto aliyepanda lori. Walikuwa wanakungoja nje, wanakuuliza kwa sauti ya chini, "Na ule wangu, Papa?" Na wewe unasema, "Ngoja." Kwa neno moja hilo wanakwenda nyumbani wakiwa na nguvu ya kulima wiki nyingine. Kufikia hapo, nadhani ulikuwa umeanza kujiaminisha mwenyewe.

Uliniambia adhuhuri, siku nne kabla hujakata kauli. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Ukanieleza aliyokueleza Bosco: kwamba Deo hakufa vitani. Alikufa kwa kuhara. Walikuwa wanatembea kuelekea Shabunda, akashindwa, wakamlaza pembeni ya barabara wapumzike, na walipotaka kumwinua alikuwa ameshakwenda. Wakamfukia kwa mikono na sahani za bati, haraka, kisha wakaendelea. Ukasema "pembeni ya barabara" mara tatu. Ukasema, "Niliambia mutoto aende katikati, Riziki." Halafu ukanishika mkono ukaniapisha. Moyo wa Mama ni mgonjwa, utapasuka, usimwambie.

Nikaapa, kwa sababu ulikuwa unakufa. Lakini sasa nakwambia nililoshindwa kukwambia siku ile. Nilikukasirikia. Nilikuwa nakulisha uji kwa kijiko na nimekukasirikia. Miaka miwili nilipiga magoti kumwombea kaka yangu arudi salama, na wewe umepiga magoti kando yangu ukisema amina.

Nikanyamaza. Msimu mzima nilinyamaza, na ningeendelea. Lakini Mama, baada ya kukuzika, akaanza kusema kwamba mtoto hawezi kukosa kujua baba yake amekufa. Kwanza alisema kwa kulalamika. Kisha akawauliza wachuuzi wa chumvi njia ya Shabunda, walikopelekwa vijana wa lori lile, inapitia wapi. Kisha akamuuza mbuzi. Alhamisi moja natoka kazini nakuta kapu kwenye mlango: unga wa muhogo, kitenge, fungu la mboga kavu, na juu yake godiyo za Deo, zimefungwa kamba pamoja, zinang'aa mawese. Anaondoka Jumatatu. Peke yake, miaka hamsini na minane, na moyo ule, katika barabara ambazo hata askari wanazipita wakiwa wengi.

Nilijaribu, Papa. Ijumaa nilikaa naye jikoni nikafungua mdomo, nikaosha vyungu tu. Nilikuona wewe na mkono wako wa moto. Jumamosi nilijaribu tena, nikaishia kumwambia asisahau dawa zake. Alifurahi, akadhani nimekubali aende.

Jumapili nikavisha bobini ya kumi na mbili. Sikuwa nimepanga niseme nini. Nilijua tu kwamba sitazima.

Madirisha tumeziba kwa maturubai kama kawaida, joto la saa nane limejaa humo ndani, kila mtu anajipepea. Wa Pembeni akafungua milango, akapokea makoti ya matajiri, akainama. Mimi nasimulia. Akachukua taa, akashuka ngazi. Mzee Hamisi akatangulia kusema kwa sauti yako, "Petroli imeisha!" Watu wakacheka. Mashini ikaendelea, na kicheko kikakatika.

Chini ya ngazi kuna chumba kidogo, Papa, wewe ulikiona. Kitanda chembamba. Akalala juu yake na viatu vyake. Kisha wale wenye nyumba, wale ambao maisha yake yote alikuwa anawashikia makoti, wakaanza kuteremka mmoja mmoja na nguo zao za sherehe, wakasimama ukutani. Pembeni! Wao pembeni. Na ile picha ikaanza kumsogelea yeye, ikasogea, ikasogea, mpaka uso wake ukajaza shuka lote kutoka upindo mpaka upindo. Miaka yote hiyo tumekaa naye na hatukuwa tumejua kwamba ana kovu kidevuni. Akasema maneno mawili matatu kwa lugha yake. Jicho lile linalolegea likafumba kwanza, kisha la pili. Na picha haikuondoka. Ilibaki pale pale usoni pake, muda mrefu, hakuna muziki, hakuna mtu anayepita mbele. Kazi yake nzima, bobini kumi na mbili, hiyo ndiyo mara moja tu wapiga picha walipomngoja.

Na wewe ulikuwa unamzimia hapo. Hapo hapo, Papa! Nilitaka kulia na nilitaka kukupiga.

Watu wote wananingoja mimi. Mzee Hamisi akasema, bila ubishi safari hii, "Sema basi, mutoto yangu. Amelala, si njo vile?" Mama akageuka kunitazama. Mashini ilikuwa inammulika nusu ya uso.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Amekufa."

Mama akasimama. Shuka nyuma yake bado lina uso wa yule mzee. Akaniuliza, polepole, "Na wangu?"

"Amekufa, Mama. Deo amekufa. Kuhara ndiko kulikomuua, kwenye barabara ya Shabunda, Bosco wa Nzahaha alimzika. Papa alijua."

Nilisahau kuondoa kipaza sauti mdomoni. Kilisikika mpaka barabarani.

Moyo wake haukupasuka. Hilo lazima nikwambie, kwa sababu ndilo uliloliogopa. Alivua kandambili moja, akavua ya pili, akazipanga vizuri chini ya benchi, kisha akatoka kwenye benchi akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wenye msiba. Mwanamke wa jirani yake akakaa chini pia. Kisha wa nyuma yao. Benchi baada ya benchi, watu wakateremka wakakaa chini, na wanaume wakavua kofia. Ndipo Mama akatoa sauti. Sitaiandika ile sauti. Mkanda umekwisha, unapigapiga hewani, shuka limekuwa jeupe tupu, na hakuna aliyeinuka kuzima mashini.

Matanga ya Deo yalianzia hapo. Mzee Hamisi alikwenda akarudi na mikeka ya msikitini, wakristo wakaleta sufuria na ndoo za pombe ya ndizi, akasema pombe ikae nje na mikeka ikae ndani, na hakubishana zaidi ya hapo. Kwa siku saba jumba lako halikuonyesha picha. Na Jumanne mama mmoja, yule muuza samaki wadogo wa ndagala, akasema katikati ya kilio jina la mume wake, aliyepotea msituni tangu vita vya kwanza. Akasema, "Na miye nimechoka kungoja." Akalia wake. Akafuata mwingine. Kulikuwa na watu wengi waliokuwa wamelala tu, Papa, kwenye vichwa vya wake zao.

Bosco alikuja siku ya tatu kwa gongo lake. Mama hakumlaumu. Alimpa kiti, akamuuliza jambo moja: "Kichwa yake mulielekeza wapi?" Bosco akasema, "Huku kwetu, Mama." Kama ni kweli au si kweli, sikumuuliza, na sitamuuliza.

Siku ya mwisho Mama akachukua godiyo, akazichimbia kaburi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Hakuchimba karibu na wewe. Alichimba uani kwetu, katikati kabisa, mahali ambapo lazima uzunguke ili ufike jikoni. Ngozi ilikuwa laini bado. Tunapita hapo kila siku.

Sasa na mabaya, maana ulinifundisha nisimalizie kwa matamu tu. Mama hajaja kwako. Nikipanda Gikundamvura kupalilia, ananipa jembe na haniulizi nakwenda wapi. Picha yako aliitoa ukutani, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Nikamwambia, Mama, alikuwa anakulinda. Akanijibu, "Ananilinda na mutoto wangu?" Jibu la hilo sidhani hata wewe unalo. Wale akina mama wa nje ya mlango, wengine hawaji tena. Mmoja amenitemea mate miguuni kwa sababu nilimnyang'anya "ngoja" yake. Nilikuwa nadhani ukweli ukisemwa nitalala vizuri. Wapi! Nalala vibaya kuliko zamani.

Na bobini ya kumi na mbili imekwisha. Nilipojaribu kuurudisha mkanda ulikatika vipande mikononi mwangu, joto limeula. Uso ule hatautazama mtu mwingine hapa kwetu. Wewe uliuona peke yako, sisi tukauona mara moja.

Basi nakuahidi hivi, na ahadi hii nitaitimiza kuliko ile. Jumapili tukimaliza bobini ya kumi na moja, nitazima mashini, nitasimama mbele ya shuka tupu, na nitaisimulia ya kumi na mbili kwa mdomo: milango, makoti, taa, ngazi, kile chumba, lile kovu. Sitasema petroli imeisha. Nitangoja kimya pale mwishoni muda ule ule walioungoja wao. Kisha nitasoma majina yote ya daftari, limo la yule mzee, silijui ni lipi, na mwishoni nitasoma la Deo, na lako.

Kwaheri, Papa yangu. Umekufa. Nimeliandika, ili mkono wangu pia ulijue. Nilikukasirikia na ninakupenda, na vyote viwili nitakuja navyo Jumamosi pamoja na jembe.

Jana nilimwambia Mama kwamba nakuandikia. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, akatoa changarawe moja moja. Kisha akasema, naandika kama alivyosema: "Umwambie nililia yeye mwezi muzima. Sasa niko nalia mutoto wangu. Angoje zamu yake."

Riziki wako